Sauti ya Mzee Mbwana Inagoma Kufunguka

Hapana, haikuwa kaseti. Kaseti ningeijua, nimezichezea sana, utepe ukitoka nje unaurudisha kwa kalamu. Hiki kilikuwa kidude cha rangi ya fedha, kama kiberiti kilichorefushwa, na marehemu Mzee Mbwana alikuwa anakivaaga shingoni kwa mkufu. Macho yalishamwishia, kwa hiyo kila jambo lake analisemea mle. Nani kaja, kaleta nini, mvua imenyesha au imetudanganya. Anabonyeza, anasema Bismillahi, anataja siku, ndo anaendelea. Sie majirani zake hapa Mtoni Mtongani tulikuwa tunamcheka, tunamwambia Mzee Mbwana unaongea na mende. Anajibu, "Mende hasahau."

Sasa umeniuliza yule askari wa kike alifanyaje. Ndo nafika huko, usinikimbize.

Sajini Margareta alikuwa mtu wa Newala, mwembamba, haongei sana. Kesi alipewa yeye. Mzee Mbwana kaamka asubuhi, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, kanywa dawa yake ya kifua, kumbe aliyokunywa ni dawa ya mchwa. Mpaka hospitali wanamshughulikia, kashakwenda. Na hiyo dawa ya mchwa aliyeinunua ni mjukuu wake, Bakari, aliyekuwa anaishi naye na kumpikia. Na Bakari na babu yake walikuwa wamegombana wiki ile, mtaa mzima umesikia, juu ya kiwanja cha Kigamboni. Polisi wataka nini tena? Bakari akapelekwa mahabusu gereza la Keko, na kesi ya kuua haina dhamana.

Mie nilikuwa mjumbe wa shina, kwa hiyo askari akija kupekua lazima niwepo nishuhudie. Chumba cha marehemu tulipekua naye. Kulikuwa na rafu moja tu ya mbao, safi, chupa za maji za plastiki zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Ile ya sumu ilikuwa imeshachukuliwa kuwa kielelezo. Margareta akaitwaa ile ya dawa ya kifua, akaizungusha, akapitisha kidole gumba shingoni mwa chupa. Palikuwa na mstari mweupe umezunguka, kama wa mtu aliyevua pete.

"Hapa palikuwa na nini, mzee?"

"Mie sijui, mwanangu."

Akairudisha.

Aliyekileta kile kinasa sauti ni Somoe, mama yake Bakari, binti wa marehemu, kaolewa Kawe huko. Alikuja kituoni analia. "Afande, baba alikuwa anasema kila kitu humu. Na siku ile lazima kasema. Msikilizeni, mtamtoa mwanangu."

"Mbona hukukileta mapema?"

"Nilikipeleka kwanza kwa Ismail anifungulie. Kashindwa."

Margareta akakunja uso kama kala ndimu. Hapo hapo akanipitia mie, tukaenda na Somoe kwa Ismail.

Ismail ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kule Tandika, feni inazunguka inapuliza vumbi tu. Margareta akakiweka kile kidude mezani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kinaongea chenyewe?"

"Hakiongei, afande. Spika yake imekufa, na tundu la kuchomeka spika za masikioni limeoza. Betri zilivujia ndani. Ila kinakubali waya wa kompyuta."

"Ukakichomeka ukaona nini?"

"Mafaili mengi, marefu mafupi. Yote mwishoni yana herufi tatu, d, v, f. Kompyuta yangu haizijui. Nikibonyeza inaniuliza nifungue kwa kutumia nini. Nami ndo nilikuwa naiuliza yenyewe."

"Ukafanyaje?"

Ismail akajikuna shingo. "Nikalichukua la mwisho, si ndo mama alilitaka? Nikafuta zile herufi, nikaandika mp3."

"Likafunguka?"

"Likalia kishshsh, kama mtu anakaanga dagaa. Basi."

"Mbuzi ukimvalisha kanzu anakuwa shehe?"

"Hawi, afande."

"Umebadilisha jina tu, ndani ni kile kile. Sasa nijibu vizuri. Ulibadilisha kwenye nakala au humu humu ndani ya kinasa?"

Ismail akatazama meza. Feni inazunguka.

"Humu humu."

Somoe alikuwa kasimama mlangoni. Akauliza, "Ina maana kaiharibu?"

Margareta akaendelea. "Halafu?"

"Nikalinakili kwenye kompyuta. Halafu kuna mtandao, unatuma faili wanakubadilishia, wanakurudishia. Nikatuma. Walichonirudishia ni kimya kitupu, na kompyuta ikaanza kunionyesha matangazo ya kamari."

"Umetuma kielelezo cha kesi ya mauaji kwenye mtandao wa watu usiowajua."

"Afande, mie nilijua ni nasaha tu za mzee."

Margareta alikaa kwenye stuli. Akamtuma Ismail asome hizo herufi tatu zinatoka wapi, asiguse kitu kingine. Jibu likaja la kukatisha tamaa. Hizo sauti kiwanda kilikuwa kinazifunga kwa namna yake chenyewe, ufunguo wake ni programu iliyotoka pamoja na kinasa, kwenye sahani yake ya CD. Na hiyo programu inataka kompyuta ya zamani. Hizi za sasa hazielewani nayo.

"Sahani iko wapi, mama?"

Somoe akacheka kicheko cha kufiwa. "Sahani? Baba alikuwa kaitundika kwenye mchicha, itishe ndege. Jua limeimaliza."

Tulizunguka, wewe acha. Tulienda kwa fundi mmoja Temeke, akasema kinunuliwe kingine. Kingine cha nini sasa? Tukaenda kwa mwingine anayerekodi muziki wa singeli, akavaa vitu vyake masikioni, akacheza na vitufe, akasema sauti hii imekufa, izikeni. Siku zinakwenda, tumeshaingia mfungo, Bakari yuko ndani. Somoe alikuwa anapika futari pale kwa marehemu kila siku, anawapelekea wapangaji, wanakula. Yeye mwenyewe hali na mtu. Anafungulia maji, kasimama jikoni. Ukimwambia kaa, anasema mwanangu akikaa nami nitakaa.

Margareta ndo akafikiri. Siku hiyo tumekaa barazani, akasema, "Mzee Marijani, vidude kama hivi walikuwa wanatumia nani zamani?"

"Wenye hela zao."

"Wenye maneno mengi. Mawakili. Wakili anasema barua humu, karani anasikiliza anachapa. Basi kuna karani mahali bado ana hiyo programu."

Akapiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Akampata Sesilia, karani mstaafu, yuko Tegeta, ana kibanda cha kuchapa mbele ya nyumba yake.

Tulikwenda watatu, askari, Somoe na mie, na foleni ya barabara ya Bagamoyo unaijua, tulifika jua limetuchemsha. Sesilia mama mnene, ana kicheko. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitenge kama maiti. Akaifunua, akabonyeza, ikaanza kuunguruma.

"Shikamoo mzee wangu. Msiisogelee, ina aibu. Ikitazamwa sana inazima."

Ilichukua muda mpaka kuamka. Ile programu ilikuwemo. Margareta akampa kinasa na diski tuliyoichukua kwa Ismail, akamwambia anakili kwanza, afanyie kazi kwenye nakala, kinasa chenyewe kisiguswe. Mafaili yakajipanga kwenye kioo.

"Fungua lolote la katikati."

Sesilia akabonyeza. Na Mzee Mbwana akaongea.

"Bismillahi. Leo Jumatano. Bakari kapika mbaazi, chumvi imezidi. Nimemwambia, kasema babu ulimi wako ndo mzee..."

Jamani. Somoe alijifunika khanga uso mzima. Nami, mtu mzima, nikatazama dari.

"La mwisho," Margareta akasema.

"Halimo," Sesilia akajibu. "Hapa naona yote, la mwisho halimo."

"Limo. Lina jina la uongo. Rudisha d, v, f."

Akarudisha. Likatokea. Akabonyeza, mashine ikatoa mlio wa kukataa na maandishi mekundu.

"Linasema limeharibika, afande."

Somoe akainuka. "Nilijua. Mungu wangu nilijua."

"Kaa mama." Margareta akasogeza uso kwenye kioo. "Hii nakala umeitoa wapi?"

"Kwenye hii diski mliyonipa."

"Hiyo ni ya Ismail. Hayo mengine?"

"Mengine nimeyatoa kwenye kinasa. Hili peke yake nililiona kwenye diski, nikasema nisirudie kazi."

"Linganisha uzito. La kwenye diski na la kwenye kinasa."

Sesilia akatazama, akapiga goti lake. "Eh! La diski nusu ya lile. Huyo fundi wako kachomoa waya halijaisha kupita."

"Basi lichukue upya. Jina lirudishe kwenye nakala, kinasa kibaki kilivyo. Na mtu asiguse waya, hata nzi."

Tukakaa tunatazama kile kimstari kinajaa, kama watu wanaongoja mwezi kuandama. Kikajaa. Sesilia akabonyeza.

"We Bakari! Kamba yangu iko wapi? Nani kaniondolea kamba yangu? Nashika hivi, nashika hivi, chupa zote zimekuwa mapacha!"

Sauti ya mzee, na kile kikohozi chake mwishoni. Margareta akapiga meza kwa kiganja. Sijawahi kumuona anafurahi, ndo siku hiyo.

"Somoe, sikiliza. Bakari siku ya kwanza alituambia babu yake hakosei chupa, kwa sababu ile chupa ya dawa ya kifua Bakari aliifunga kamba ya katani shingoni, mzee akipapasa aijue. Neno hilo halikutoka nje ya kituo. Tulipekua, hakuna chupa yenye kamba. Wakubwa wangu wakasema muongo huyu wa kamba, na kama mzee hakosei chupa basi kanyweshwa. Hilo ndo limemfunga. Sasa mzee mwenyewe anasema kamba ilikuwepo, na imeondolewa!"

Somoe alikaa chini polepole, akashika ukuta. Hakusema alhamdulillahi. Nikajua ni furaha imemzidi. Sesilia akamletea maji, akakumbuka mfungo, akayarudisha.

Margareta akamwambia Sesilia aibadilishe ile sauti iwe ya kawaida, ifunguke popote, hata kwenye simu ya hakimu. Akavaa spika za masikioni aisikilize mara ya mwisho. Nikamuona furaha inamtoka usoni, kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Mzee Marijani. Kwa marehemu wanawake wapikaji walikuwepo?"

"Siku zote? Hakuna. Bakari ndo mpishi."

"Basi nani anakwangua sufuria kubwa huku nyuma? Na nani wanacheka?"

"Sijui."

"Na mbona hakusema Bismillahi? Hakutaja siku. Yote mengine kataja."

Akanivalisha mie zile spika. Nikasikia mwiko kwenye sufuria, nikasikia wanawake wanacheka, turubai linapigwa upepo. Halafu mbali, sauti ya mwanamume. "Mtani, vua kanzu hiyo, twende makaburini jua linazama."

Nikazivua.

"Unamjua huyo?"

"Namjua. Ni mie."

Siku ya mazishi ilikuwa hivi. Mtani wetu sie Wazaramo ni Mnyamwezi, na mtaani kwetu Mnyamwezi ni Mashaka muuza mkaa. Msiba wa mzee bila mtani ni msiba wa paka. Basi Mashaka kavaa kanzu ya marehemu, kofia yake, bakora yake, na kile kidude kakivaa shingoni, anatembea anapapasa hewa, anakohoa vile vile, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Akazuia jeneza mlangoni mpaka tukampa jogoo wake. Kumbe katika kuchezea kidude kakibonyeza.

Margareta akaandika jina la Mashaka, akalipigia mstari. Tukapanda gari kurudi. Tulivuka mji mzima na sauti ya maiti ambayo si ya maiti.

Mashaka tulimkuta ghalani kwake, akaja nasi mpaka barazani kwa marehemu, mikono myeusi. Margareta akamuwekea ile sauti kwenye simu. Alipoisikia mara ya kwanza akacheka, halafu akaona nyuso zetu.

"Ni mie, afande. Ni utani tu, wenyewe wananijua."

"Najua ni wewe. Hayo maneno ya kamba umeyatoa wapi? Umeyatunga?"

"Mtani hatungi. Mtani anamuigiza mtu kama alivyokuwa."

"Alisema lini?"

Mashaka akatazama viganja vyake. "Asubuhi ile ile. Nilipita dirishani kumletea mkaa. Nikamkuta anapapasa rafu, anaita Bakari, Bakari hayupo, kaenda Kigamboni tangu alfajiri. Anasema kamba yangu, kamba yangu. Nikamwambia, we Mzaramo kamba ya nini, wataka kujinyonga mwezi wa Shaabani huu? Akacheka. Nami nikacheka. Nikaenda zangu."

"Hukumsaidia kutafuta."

"Nilijua ananitania, afande."

"Mbona hukusema polisi?"

"Hamkuniuliza. Na mie ningesema nini? Kwamba mtu anakufa, mie nataniana naye?"

Margareta akazima simu. Akaongea taratibu, kama daktari.

"Nikuambie ukweli, mama Bakari. Ile sauti sio ya baba yako, nitaandika hivyo, na asubuhi ile yeye mwenyewe hakunasa kitu. Anabaki Mashaka. Mahakamani watamuuliza, wewe ni nani? Mtani. Siku ya msiba ulifanya nini? Nilimuigiza maiti. Watacheka. Kamba hakuna aliyeiona, nani kaiondoa hajulikani. Chupa ina alama shingoni, lakini alama haina mdomo. Mwanao ataendelea kukaa Keko."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati ya jirani. Harufu ya mihogo ya nazi inatoka jikoni. Somoe alikuwa kasimama kwenye kizingiti, kashika mwiko.

"Mnayemtafuta ni mie," akasema.

"Wewe nini?"

"Kamba. Niliikata mie."

Mashaka akageuka. Margareta hakusogea.

"Siku moja kabla hajafa nilikuja kumfanyia baba usafi wa kukaribisha mwezi wa Ramadhani, kama kila mwaka. Nikaosha kuta, nikaosha rafu, nikazisugua chupa zote na majivu. Moja ina kamba imeota ukoko, inanuka. Nikaikata kwa kisu, nikaitupa na takataka. Nilijua uchafu. Mie naishi Kawe, nani aliniambia ile kamba ni macho ya baba?"

"Na dawa ya mchwa?"

"Ilikuwa chini, mvunguni mwa kitanda cha Bakari. Wapangaji wana watoto wanatambaa. Nikaipandisha juu, kwenye rafu, watoto wasiifikie." Akauweka mwiko juu ya ndoo kwa uangalifu, kama utavunjika. "Nikazipanga vizuri. Nikajisifu. Nikamwambia baba, leo chumba kinang'aa. Akasema mie sikioni kwa macho, mwanangu, lakini nakinusa."

"Ulijua lini?"

"Leo. Pale Tegeta, alipo... ulipotuambia maneno ya Bakari. Tangu pale nimekuwa natafuta namna ya kumtoa mwanangu bila ya kulisema. Nimetafuta njia nzima. Hakuna."

Mashaka alianza kulia, yule mtu wa kuchekesha misiba.

Margareta akatoa kalamu, akaishika haiandiki. "Mama Bakari, nikiandika, mwanao ana njia ya kutoka. Sisemi kesho. Lakini wewe utaitwa, utaulizwa hayo hayo mbele ya watu, na ndugu zako wataketi wasikilize. Nami siwezi kukuahidi watakuchukuliaje. Na Bakari atajua."

"Andika."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri kutoka Tegeta. Andika, mzee Marijani ashuhudie. Ukishaandika nikupe uji."

Akaandika. Nikasaini, mie na herufi zangu za kuyumba. Mkono wa Somoe haukuyumba. Adhana ikaanza msikitini, akatandika mkeka, akaleta tende, uji wa pilipili manga, mihogo, tambi. Margareta ni Mkristo, lakini siku nzima hakutia kitu mdomoni mbele yetu. Akavua viatu vya kazi, akavipanga pembeni, akakaa. Mashaka akabaki kasimama, anasema mikono yangu michafu, mie nakwenda.

Somoe akamshikia birika, akammiminia maji, akamuosha viganja mwenyewe mpaka weusi ukapungua. "Kaa, mtani."

Akakaa. Halafu Somoe, ambaye mfungo mzima alikuwa anafungulia kasimama, akakunja miguu, akakaa baina yetu, akachukua tende. Akaishika kidogo. Akala. Nasi tukanyoosha mikono kwenye sinia, mtani yupo, na hakuna aliyemtania mwenzake.